Rangi, ladha na harufu hazitoshi: Tuwaulize viumbe wa baharini



Ndugu msomaji, kila aliyepita madrasa anaukumbuka mlango wa mwanzo wa vitabu vya fiqhi, mlango wa tahara. Hapo ndipo tulipofundishwa kuyapima maji kwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Maji mengi yakiingiwa na najisi na isibadilike hata sifa moja kati ya hizo, hubakia katika asili yake. Ama maji ya bahari, Mtume (SAW) aliulizwa juu yake na akabainisha kuwa yanafaa kujitwaharishia, na kwamba kiumbe wake aliyekufa ni halali kuliwa. Hukumu hiyo iko pale pale, na makala hii haikuja kuigusa.

Lakini utwahara ni suala moja na madhara ni suala jingine. Maji ya betri ya gari si najisi, wala hakuna mama atakayempa mtoto wake ayaonje. Sheria yetu tukufu inayo kanuni nyingine kubwa, ile ya kutojidhuru wala kuwadhuru wengine, na kanuni hiyo ndiyo inayotuleta kwenye mada ya leo. Zipo kemikali zinazoingia baharini ambazo hazibadilishi rangi ya maji, wala ladha, wala harufu, na pamoja na hayo zinawadhuru viumbe waliomo. Jicho letu halizioni na pua yetu hainusi kitu. Wanaozijua mwanzo ni wale wanaoishi ndani ya maji hayo usiku na mchana: konokono, chaza, kombe na samaki. Maoni yangu ni kwamba viumbe hawa wapimwe kila mwaka, mahali pale pale, na majibu yasomwe hadharani kwa watu wa pwani kama tunavyotangaziwa habari za kipindupindu.

Kemikali hizi ni zipi?

Wataalamu huziita kemikali zinazoibuka. Si kwamba zote zimetengenezwa jana. Nyingine zilianza kutumika kabla ya nchi zetu kupata uhuru. Upya wake ni kwamba kwa muda mrefu hakuna aliyezitafuta majini, wala hazikuwamo katika orodha ya vitu vinavyopimwa na idara za maji.

Katika hizo yamo mabaki ya dawa zetu za hospitali. Mgonjwa akimeza kidonge, mwili hautumii chote. Sehemu yake hutoka kwa mkojo na kinyesi ikiwa bado ina nguvu ya dawa. Zimo homoni za vidonge vya uzazi wa mpango, antibiotiki na dawa za maumivu. Zimo kemikali za florini ziitwazo PFAS, zinazotiwa kwenye baadhi ya vikaango visivyoshika chakula, nguo zisizopenya maji na povu la kuzimia moto. Zimo rangi zinazopakwa chini ya meli na boti. Limo pia vumbi la matairi ya magari ambalo mvua hulikokota kutoka barabarani hadi mtoni, na mto ukalifikisha baharini.

Na njia ya kufika baharini kwetu ni fupi. Sehemu kubwa ya miji ya pwani, Mombasa na Mji wa Zanzibar ikiwemo, imejengwa juu ya jiwe la matumbawe, na jiwe hilo lina vitundu vingi. Kinachoingia kwenye choo cha shimo huvuja chini kwa chini hadi kwenye visima na ufukweni. Mifereji ya mvua nayo humwaga ilichokusanya huko huko. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba jambo hili ni la nchi za viwanda peke yake.

Shahidi wa kwanza: konokono

Mfano ulio wazi zaidi ni wa rangi za meli. Kuanzia miaka ya 1960, wenye vyombo walipaka chini ya meli rangi yenye kemikali iitwayo tributilitini, ili makombe na mwani visigande. Rangi ile ilifanya kazi vizuri sana na kila mtu aliifurahia. Maji ya bandarini yalibakia na rangi ile ile na harufu ile ile.

Mwaka 1970 mtafiti mmoja aliwachunguza konokono wa miambani huko Plymouth, Uingereza, akakuta konokono majike walioota kiungo cha kiume. Ilichukua miaka zaidi ya kumi kwa wataalamu wengine kuthibitisha kwamba chanzo ni ile rangi ya vyombo. Kiungo kile kilipokua kiliziba njia ya mayai, jike akafa na mayai yake tumboni, na sehemu nyingi za pwani konokono hao wakatoweka kabisa. Kilichowashangaza watu ni udogo wa kipimo. Nanogramu moja au mbili katika lita ya maji zilitosha kuanza kumbadili jike. Ili msomaji apate picha, nanogramu moja kwa lita ni sawa na gramu moja ya sumu iliyochanganywa katika maboza laki moja ya maji, kila boza likiwa na lita elfu kumi. Ni ulimi gani utakaoonja hilo?

Wakati huo huo katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, wafugaji wa chaza waliona mambo mawili. Watoto wa chaza hawapatikani tena, na chaza wakubwa wanakuwa na magamba mazito yenye mapovu ndani, hawauziki. Familia zilizoishi kwa chaza zilikaribia kufunga kazi. Serikali ya Ufaransa ikapiga marufuku rangi hiyo kwa boti ndogo mwaka 1982, na katika miaka iliyofuata watoto wa chaza wakaanza kuonekana tena. Uingereza ikafuata mwaka 1987. Mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Bahari likapitisha mkataba wa kuizuia rangi hiyo duniani kote, ukaanza kutumika Septemba 2008. Tangu hapo konokono wamerejea sehemu nyingi walikokuwa wametoweka.

Zingatia mambo mawili, ndugu msomaji. Aliyetoa ushahidi ni konokono, wala hakuwa daktari wala waziri. Na ushahidi ule uliposikilizwa, uharibifu ulirudi nyuma.

Shahidi wa pili: samaki dume

Katika miaka ya 1990 watafiti wa Uingereza walipima damu ya samaki bapa katika midomo ya mito ya Tyne na Mersey, pale mto unapokutana na bahari. Ndani ya damu ya madume walikuta protini ya kiini cha yai, ambayo kwa kawaida hutengenezwa na jike anapojiandaa kutaga. Maji yale yalikuwa yakipokea maji taka ya miji, yenye homoni na kemikali zinazojifanya homoni.

Je, jambo hilo lina madhara kwa kizazi? Jibu lilipatikana Canada. Kati ya mwaka 2001 na 2003 watafiti walitia katika ziwa moja dogo lililotengwa kwa ajili ya majaribio homoni ile ile ya vidonge vya uzazi wa mpango, kiasi cha nanogramu tano hadi sita kwa lita. Samaki wadogo wa ziwa lile walishindwa kuzaliana, wakakaribia kumalizika kabisa, na samaki wakubwa waliowategemea kwa chakula nao wakapungua. Homoni ilipoacha kutiwa, baada ya miaka kadhaa samaki wale wadogo waliongezeka tena.

Simaanishi kwamba mama aliyepewa vidonge hivyo na mtoa huduma aviache. La hasha. Ninachosema ni kwamba dawa haiishi kazi inapotoka mwilini mwetu, na mji unaomwaga maji taka bila kuyasafisha unawanywesha samaki dawa ambazo hawakuandikiwa.

Shahidi aliyepuuzwa

Upo pia mfano wa watu waliooneshwa dalili na wenye uwezo wasizijali. Katika mji wa Minamata, Japani, mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakazi waliona samaki wakielea, ndege wakianguka, na paka waliokula mabaki ya samaki wakitetemeka na kuruka ruka kama wanaocheza ngoma hadi kufa. Mwaka 1956 ndipo mgonjwa wa kwanza wa kibinadamu alipoandikishwa rasmi. Chanzo kilikuwa zebaki iliyotoka katika kiwanda cha kampuni ya Chisso, na umwagaji ule haukukoma hadi mwaka 1968. Watoto walizaliwa na ulemavu kutoka kwa mama ambao wenyewe hawakuonekana kuumwa sana, kwa sababu zebaki ilipita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto tumboni. Paka walikuwa wameshatoa taarifa miaka kadhaa kabla.

Hapa ndipo ninaposema kama tabibu. Sumu inayoua kwa saa chache haihitaji kutafutwa. Machi 2024 katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 walilazwa hospitali. Sumu ile ni ya asili, hupatikana wakati mwingine katika nyama ya kasa, na habari yake ilifika kila pembe ya dunia. Ama kemikali ninazozungumzia leo haziui hivyo. Zinajilimbikiza kidogo kidogo katika mafuta, ini na damu kwa miaka. Mgonjwa anayefika zahanati kwa matatizo ya figo, au mama aliyekawia kupata mtoto, hana alama mwilini inayosema aliathiriwa na kitu gani, na zahanati haina kipimo cha kuligundua hilo. Tukingoja ushahidi utoke kwa binadamu, tutangoja hadi iwe tumechelewa. Kiumbe wa majini anaonesha dalili mapema zaidi, kwa sababu yeye hatoki humo.

Ufuatiliaji unafanywaje?

Si jambo la miujiza. Mwaka 1975 mwanasayansi wa Marekani, Edward Goldberg, alipendekeza chaza na kombe watumike kama walinzi wa pwani. Sababu zake ni rahisi. Kiumbe huyu amejishika mahali pamoja, hawezi kuhama. Anajilisha kwa kuchuja maji, na anachochuja kinabaki katika nyama yake. Nchi yake ikaanza mpango huo mwaka 1986: mahali palichaguliwa kandokando ya pwani, chaza wakachukuliwa hapo kwa vipindi maalumu, wakapimwa maabara na matokeo yakawekwa wazi. Anayesoma matokeo ya miaka thelathini anaona kemikali gani inapungua na ipi inapanda.

Watu wa kawaida nao wanaweza kushiriki. Mwaka 2005 Profesa Hideshige Takada wa Tokyo alianzisha mpango ambao watu wa nchi mbalimbali huokota ufukweni punje ndogo za plastiki ghafi, zile zinazotumika viwandani, wakazifunga katika karatasi ya alumini na kumpelekea kwa posta. Punje hizo hunyonya kemikali za majini kama sifongo, na maabara huzisoma. Mwalimu wa skuli na wanafunzi wake wanaliweza jambo hilo kwa asubuhi moja.

Sisi Waislamu tunaifahamu vizuri kazi ya namna hii. Mwezi hautangazwi kwa kubahatisha. Watu hutoka kwa wakati maalumu, shahidi muadilifu akauona, akaulizwa maswali, kisha habari ikatangazwa kwa wote ili watu wajue wafunge au wafungue. Ufuatiliaji wa bahari unataka hayo hayo: wakati uliopangwa, shahidi anayeaminika, na tangazo linalomfikia kila mtu. Likikosekana hilo la mwisho, kazi yote imebaki kabatini.

Wataalamu tunao. Ipo Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo Zanzibar tangu mwaka 1978. Ipo taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya pale Mombasa, na jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya Hindi ya magharibi, WIOMSA, ina makao yake Zanzibar. Tanzania na Kenya ni wanachama wa Mkataba wa Stockholm unaohusu kemikali zisizooza. Mkataba huo wenyewe umefuata ushahidi wa wanyama. Mwaka 2001 watafiti walieleza kuwa wameikuta PFOS, mojawapo ya kemikali za PFAS, katika damu na maini ya sili, ndege na dubu wa ncha ya kaskazini ambako hakuna kiwanda. Mwaka 2009 ikaingizwa katika orodha ya mkataba. Tunalopaswa kuwataka viongozi wetu ni kwamba utafiti wa mara moja usihesabiwe kuwa ni ufuatiliaji, bali pawe na fungu la kila mwaka na siku ya kila mwaka ya kusoma matokeo, sokoni Feri, sokoni Malindi, na baada ya sala ya Ijumaa.

Majibu kwa wenye shaka

Wapo watakaosema bahari ni kubwa, haidhuriki. Qur'ani tukufu, katika Surat Ar-Rum aya ya 41, imeeleza kuwa uharibifu umedhihiri bara na baharini kwa sababu ya yale waliyoyachuma watu kwa mikono yao, na lengo ni waonjeshwe sehemu ya waliyoyatenda ili warejee. Basi bahari imetajwa kwa jina, na ukubwa wake haukufanywa udhuru.

Wengine watasema tuna malaria na kipindupindu, haya yangoje. Sikubaliani nao. Mtaro unaopeleka kipindupindu ufukweni ndio unaopeleka antibiotiki, na bakteria wanaoishi katika mabaki ya antibiotiki hujifunza kuishinda dawa. Anayeshughulikia maji taka anashughulikia yote mawili.

Shaka iliyo nzito zaidi ni ya mvuvi na ya mama anayeokota chaza maji yakipwa. Wanaogopa kwamba tangazo moja litawafukuza wateja na watoto walale njaa. Hofu hiyo ni ya haki na haipaswi kudharauliwa. Lakini uvumi huua biashara haraka kuliko ukweli. Palipo na vipimo vya kila mwaka, mvuvi ana karatasi ya kumwonesha mteja. Wafugaji wa chaza wa Arcachon waliokolewa na ukweli uliosemwa mapema. Kinyume chake, wavuvi wa Minamata walipoteza soko na afya pia.

Nyumbani tufanye nini?

Kwanza, tusiache kula samaki. Samaki ni lishe bora kwa mtoto na mja mzito. Dagaa, vibua na samaki wengine wadogo wana zebaki kidogo. Mja mzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wajiepushe na papa, nduaro na wengine wakubwa wanaokula wenzao, maana zebaki huongezeka kila mkubwa anapomla mdogo.

Pili, dawa zilizopitwa na muda zisimwagwe chooni, kwenye karo wala baharini. Zirudishwe duka la dawa au kituo cha afya, na wahudumu wasichoke kuzipokea. Antibiotiki isimezwe bila kuandikiwa, na ukiandikiwa maliza dozi, pasibaki cha kutupa.

Tatu, dada zetu waachane na krimu na sabuni za kujichubua zenye zebaki. Zinaharibu figo za anayejipaka, na kila anapooga zebaki hiyo inaondoka na maji. Ikifika kwenye matope ya bahari, bakteria huigeuza kuwa ile aina ya Minamata, kisha ikarudi mezani ndani ya samaki.

Nne, bomba la kupulizia dawa za wadudu lisioshwe mtoni wala ufukweni, na kuvua kwa sumu tukuogope kama tunavyoogopa kula mali ya yatima. Mtume (SAW) alikemea vikali mtu kujisaidia penye maji wanayoyategemea watu. Ikiwa hilo limekemewa kwa uchafu unaoonekana na kuoza, vipi uchafu usioonekana na usiooza?

Tano, mzee wa uvuvi anayeona jambo geni, samaki wengi kufa kwa pamoja, chaza kukosa watoto, kasa kutupwa ufukweni, aandike tarehe na mahali na awaarifu maofisa wa uvuvi. Maimamu nao wawape wavuvi nafasi ya kusema msikitini. Hawa ndio wanaokesha na bahari, na wengi wao hawajawahi kuulizwa.

Ndugu msomaji, samaki hana ulimi wa kushitaki. Ushahidi wake umo mwilini mwake, na atautoa kwa yeyote atakayechukua taabu ya kuuliza. Tumuulize kabla hajaulizwa mtoto wetu.

Namuomba Allah (SW) atujaalie kuwa waangalizi wema wa amana hii ya bahari, na azihifadhi familia zetu. Wabillahi tawfiq.